Dzombo Angani, Dzombo Ardhini: Wasomaji wa Kwale na Riwaya za Dunia Iliyoharibika



Nimeombwa nizungumzie namna wasomaji wanavyozipokea riwaya za kisayansi zinazochora jamii iliyooza, ambamo dola humwona raia kama takataka na sayansi hutumika kumkandamiza. Kuna riwaya nyingi za aina hii duniani. Mimi nitakaa zaidi na moja, kwa sababu naiona inatuhusu sisi watu wa Kwale kuliko zote: Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995.

Wengi wenu mnaikumbuka. Dzombo amehukumiwa kufa katika nchi ya madhalimu. Anatiwa ndani ya chombo cha angani ili arushwe akapotelee huko, lakini anafaulu kukiongoza na kutua Walenisi, nchi ambayo haina bwana wala mtwana. Kuanzia hapo riwaya inaweka dunia mbili ubavu kwa ubavu, ile aliyotupwa kutoka kwayo na hii iliyompokea.

Jina la Dzombo halihitaji maelezo kwa mtu wa Lunga Lunga. Kilima kiko pale pale na wadi inaitwa hivyo hivyo. Mwanafunzi anayetoka upande huo akilikuta jina hilo ukurasani, hata kabla ya kujua riwaya inahusu nini, huwa ameshaamua kwamba habari hii ni ya kwao. Sisemi mwandishi alikikusudia kilima hicho. Nasema msomaji ana haki ya kuingia kitabuni kupitia mlango anaoufahamu.

Huyo mwandishi naye hakuwa mtu wa kubuni mateso kutoka hewani. Mkangi alikuwa mwana wa pwani na mwanasosholojia, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1983 alichapisha utafiti kuhusu mageuzi ya umiliki wa ardhi na gharama yake kwa familia za Wataita. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha KNC, na mwaka 2004 akafariki katika ajali ya barabarani. Anayeyajua haya hawezi kuisoma hukumu ya Dzombo kama mchezo wa kuigiza. Kwa aliyenyimwa hata kesi, kuandika kesi ya kubuni ni namna ya kuidai ile ya kweli.

Sasa nije kwa wasomaji wenyewe. Katika miaka niliyosoma riwaya hii na vijana wa Msambweni na vijiji vya jirani, sikumbuki mjadala uliokawia kwenye mitambo ya kile chombo. Hakinasi fikra zao. Wanaponaswa ni pale mtu anapoondolewa mahali pake kwa amri halali kabisa, yenye muhuri na sahihi. Hapo darasa huchangamka, kwa sababu wanayo mifano. Watazungumza juu ya Maumba na Nguluku, ambako familia zilihamishwa kupisha mchanga wenye titani. Uchimbaji ulianza mwaka 2013, shehena zikapakiwa meli Likoni, na Desemba 2024 kazi ikafungwa kwa kuwa madini yamekwisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka mradi ulipoanza hakuwa hata ameanza sekondari ulipokwisha. Watazungumza juu ya kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokufa mwaka 1988 na kuwaacha wakulima na miwa shambani. Watazungumza juu ya njia za kwenda ufuoni Diani, ambazo babu zao walipita na nyavu begani, na leo mvuvi anakuta ukuta.

Wapo wahakiki watakaosema huku ni kusoma kwa kijuujuu, kwamba msomaji ameshindwa kuiona riwaya kama sanaa na kuigeuza risala ya malalamiko. Mimi sikubali. Riwaya ya namna hii huandikwa hasa ili msomaji apime umbali kati ya ukurasa na mtaa wake. Januari 2017, Wamarekani walipomwapisha rais mpya, walikimbilia madukani kununua 1984 ya George Orwell, kitabu cha mwaka 1949, kikapanda kileleni mwa orodha ya mauzo ya Amazon. Hakuna aliyewaita washamba. Walikuwa wanatafuta maneno ya kuelezea wanachokiona. Kijana wa Lunga Lunga anafanya hilo hilo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni upinzani dhidi ya Walenisi yenyewe. Jamii iliyooza wasomaji wanaiamini mara moja; jamii njema wanaihoji mstari kwa mstari. Wasichana wanataka kujua mgawanyo wa kazi za nyumbani, na hawaridhiki kwa kuambiwa tu kwamba wote ni sawa. Wazee, kila nilipowasimulia kisa hiki, waligusa jambo zito zaidi: nchi hiyo makaburi yake yako wapi, na kaya yake, yaani msitu wake mtakatifu, ni ipi? Kwa Mdigo wa huku kwetu, haki inasimama juu ya ardhi yenye wazee chini yake. Kaya Kinondo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008, lakini wenyewe walikuwa wakiitunza muda mrefu kabla ya hapo. Nchi inayofikiwa kwa kurushwa angani, isiyo na wahenga wa mgeni anayekaribishwa, inawatia shaka. Hoja hii sijaikuta katika uhakiki wowote niliousoma, nami naiona ni miongoni mwa hoja bora kabisa juu ya kitabu hiki.

Na msomaji si raia peke yake. Serikali nayo husoma. Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, zilifika habari serikalini kwamba kuna mtu wa jina hilo anayezunguka akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Kwa mujibu wa Ngũgĩ mwenyewe, ilitolewa amri akamatwe. Ilipobainika kwamba ni mhusika wa riwaya, polisi wakavikusanya vitabu madukani mwaka 1987. Matigari si riwaya ya kisayansi, lakini tukio hilo linaonyesha dola nayo ilivyoshindwa kuuona mpaka kati ya hadithi na barabara.

Riwaya nyingine nitazipitia kwa haraka. Nagona na Mzingile za Kezilahabi huwakimbiza wasomaji wengi kwa ugumu wake, nami siwalaumu. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, inasomeka vizuri zaidi huku kwetu, kwani mzuka wa babu anayerudi kumhoji mjukuu fisadi ni jambo linaloeleweka Kwale bila tanbihi.

Tatizo letu walimu ni kwamba tunayazima haya yote. Mwanafunzi anaanza kusema juu ya Nguluku, tunamkatiza na kumrudisha kwenye dhamira, wahusika na tamathali za usemi, kwa sababu ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani. Akitoka hapo, kitabu hakifungui tena maisha yake yote.

Ombi langu kwenu, walimu wenzangu, ni la kutekelezwa muhula ujao. Tafuteni nakala za Walenisi, hata chache, ziwekwe maktabani ingawa hazimo katika vitabu teule. Someni na wanafunzi kwa sauti, hata kwa saa moja kwa wiki, na mwalikeni mzee mmoja wa kijiji aje asikilize na aulize. Kisha wanafunzi waandike majibu yao kwa Kiswahili, wakitaja vijiji vyao kwa majina, na insha hizo zihifadhiwe shuleni ili wenzao wa miaka ijayo wazisome.