Neno Linalomtaja Aliyeuawa: Mwaka 1972 katika Kauli za Wanasiasa wa Burundi



Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, makao yake makuu yaliwekwa Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Hadi Mkoa wa Katavi ulipomegwa mwaka 2012, Rukwa ilikuwa na makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, kaskazini ya uwanda huo. Wakazi wake wa awali walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambayo yanakadiriwa kuangamiza watu kati ya 100,000 na 300,000, wengi wao Wahutu.

Uasi ulizuka kusini mwa Burundi tarehe 29 Aprili, nao uliwaua Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikawageukia Wahutu, hasa wasomi, ikidai inazima uasi. Kwa miaka mingi wanasiasa waliyaita hayo "matukio". Tukio hutukia, halimtaji mtenda wala mtendwa. "Vita" nalo hudai pande mbili zinazopigana. Bali "mauaji" hutokana na kitenzi kisichokamilika pasi na muuaji na muuawa. Neno "kimbari", kutokana na mbari, yaani ukoo, huongeza sababu: mtu aliuawa kwa ajili ya asili yake.

Hata hivyo, ubishi haukuishia kwenye jina. Mwaka 1996 tume ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha kwamba Oktoba 1993 vilitendeka vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza mbele ya Bunge kwamba ya mwaka 1972 na 1973 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wakosoaji waliona kuwa tume hiyo inaegemea upande wa watawala. Mwanasiasa hulipokea neno upesi linapowataja watu wake, na hulitilia shaka linapowataja wengine. Huo nao ni ukanushaji: hausemi uongo, ila hunyamazia kilichofuata "dhidi ya".

Wakimbizi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 walikubaliwa uraia wa Tanzania. Wajukuu wao wanasoma historia kwa Kiswahili. Kitabu kitakachowaambia kwamba babu zao walikimbia "machafuko" kitakuwa kimekwisha kuchagua upande, hata kama mwandishi wake hakukusudia.