Mboga za Nyuma ya Jiko na Afya ya Moyo



Hapa Nkoroi mashamba yamekatwa vipande, na wengi wetu tumebakiwa na ukanda mwembamba nyuma ya jiko. Ukanda huo twauhesabu kuwa mali. Managu, terere na kunde huota humo, hata kwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

Mwaka 1990 Dakta Poulter na wenzake walichapisha habari za Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Katika miezi ya kwanza tu presha ya damu yao ilipanda. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi katika mboga za majani, ilikuwa imepungua. Sisi tukaao mlangoni pa Nairobi, habari hiyo yatuhusu.

Lakini kulima hakutoshi. Wengi hulainisha kunde kwa magadi, yachimbwayo humu humu Kajiado, katika Ziwa Magadi. Magadi yana sodiamu, ile ile ya chumvi. Kisha chumvi huongezwa mezani! Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai. Twawasihi basi kunde zichumwe zingali changa, nazo zitaiva bila magadi. Wazee wasemao hayo ni majani ya mbuzi, twawaomba wavumilie.

Aliyepewa dawa za presha asiziache kwa ajili ya managu.

Mbegu za terere ziko kwa Mtunza Hazina. Kila mwanachama achukue fungu lake kabla ya mvua za Machi.