Mchezaji Hodari na Nyongeza ya Katikati ya Mkataba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ubishi uliojaa kantini yetu kwa majuma mawili sasa. Ulianza kwa mpira, kama mambo mengi yanavyoanza hapa kwetu. Mchezaji ametia sahihi mkataba wa miaka minne. Mwaka wa pili anacheza kupita wote, uwanja unajaa kwa ajili yake. Je, ana haki ya kwenda kwa matajiri wa klabu na kuwaambia, "Niongezeni mshahara"? Au anyamaze mpaka miaka minne iishe, kwa kuwa sahihi aliitia kwa mkono wake mwenyewe?

Wengine wetu wasema ahadi ni deni. Wengine wasema mwenye kuleta fedha ndiye ale fedha. Lakini sote twajua kwamba ubishi huu si wa mpira peke yake. Mapatano yetu na tajiri yamebakiza mwaka mmoja, na ndugu zetu mafundi wa karakana wameanza kunong'ona kwamba waende ofisini peke yao. Basi tutaanza na mpira, na tukifika kwa mafundi tutasema waziwazi.

Iko habari moja ambayo kila mwanachama ingempasa aijue, hata kama hapendi mpira. Huko Uingereza, tangu 1901, wakuu wa mpira walikuwa na kanuni kwamba mshahara wa mchezaji usipite kiasi fulani. Mwanzo ulikuwa pauni 4 kwa juma. Ilipofika 1958 ulikuwa pauni 20 kwa juma wakati wa mashindano, na pauni 17 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Mchezaji awe hodari namna gani, mshahara wake haukuvuka hapo.

Palikuwa na kanuni nyingine mbaya kuliko hiyo. Hata mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kumzuia mchezaji asiende kwingine. Mwaka 1960 George Eastham wa Newcastle United alikataa kutia sahihi mkataba mpya, akazuiwa. Ikambidi atafute riziki kwa kuuza bidhaa mpaka alipoachiwa kwenda Arsenal. Chama chake kilimtia nguvu katika kesi, na 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba kanuni ile ilimzuia mtu isivyo haki asifanye kazi yake. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba matajiri wa mpira wamekuwa wakiheshimu mikataba siku zote, na wachezaji ndio wavunjaji, tumwulize kama amewahi kusikia jina la Eastham.

Chama chenyewe wachezaji walikianzisha Manchester mwaka 1907. Mwaka 1960 mwenyekiti wake alikuwa Jimmy Hill, naye alikuwa mchezaji wa Fulham. Katika mkutano wao mmoja kijana alisimama akasema baba yake ni mchimba makaa ya mawe, anafanya kazi ngumu kuliko mpira kwa fedha chache, kwa hiyo yeye aona pauni 20 zatosha. Akamjibu Tommy Banks, beki wa Bolton. Alisema kazi ya mgodini aijua ilivyo ngumu, lakini hakuna watu elfu 30 wanaolipa kiingilio kumtazama baba wa kijana akichimba makaa. Wapo wanaolipa kumtazama Stanley Matthews. Mkutano ukacheka, na kura zikaenda upande wa mgomo. Hatusemi kwamba mchimba makaa astahili kidogo. Twasema kijana yule alikosea kipimo. Alipima mshahara wake kwa taabu ya mwenzake, badala ya kuupima kwa fedha iliyokuwa ikiingia mlangoni.

Januari 1961, siku chache kabla mgomo haujaanza, wakuu wa ligi wakasalimu amri, na kile kipeo cha mshahara kikaondolewa. Johnny Haynes, nahodha wa Fulham na wa Uingereza, akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa juma. Mwenyekiti wa klabu, Tommy Trinder, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchekesha watu jukwaani, alikuwa ametamba kwamba angemlipa Haynes kiasi hicho kama kanuni ingemruhusu. Kanuni ilipoondoka, ikambidi atimize.

Tazameni jambo hilo vizuri. Miguu ya Haynes ilikuwa ile ile miaka yote aliyokuwa akilipwa pauni 20. Waliomfungulia mlango ni wale wachezaji wa timu ndogo, ambao majina yao hakuna ayajuaye sasa, waliokubali kugoma ingawa walijua kwamba wao pauni 100 hawataiona.

Sasa tuje kwenye mkataba uliofika katikati. Kwa nini klabu za siku hizi humwongeza mchezaji ilhali mkataba wake bado una miaka? Sababu haitoki moyoni. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya Mbelgiji aitwaye Jean-Marc Bosman, kwamba mkataba ukiisha mchezaji aweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila klabu ya zamani kudai malipo. Tangu hapo kila mwezi unaopita ni hasara kwa tajiri. Mchezaji mwenye miaka mitatu auzwa kwa bei kubwa. Mwenye miezi sita karibu bure. Aliyemaliza huondoka na mkoba wake, asante na kwaheri. Basi tajiri mwerevu hangojei. Humwita mchezaji mapema na kumwambia: chukua nyongeza hii, lakini utie sahihi miaka mingine mitano.

Wayne Rooney wa Manchester United, Oktoba 2010, mkataba wake ulikuwa uishe 2012. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 34. Akatangaza kwamba ataondoka. Magazeti yakamtukana, washabiki wakamzomea, na siku mbili baadaye akatia sahihi mkataba mpya wa mpaka 2015. Watu walisema klabu imepigishwa magoti. Sisi twaona klabu ilinunua miaka, naye aliuza. Katika biashara hiyo hapana zawadi wala wizi.

Twajua pia fedha huenda wapi mchezaji asipoongezwa. Ndugu yetu Victor Wanyama aliingia Celtic ya Scotland 2011 kwa bei iliyotajwa kuwa chini ya pauni milioni moja. Novemba 2012 alifunga bao la kichwa siku Celtic ilipoishinda Barcelona mabao 2 kwa 1, na hapa Kenya watu walikesha. Julai 2013, mkataba wake haujaisha, akauzwa Southampton kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12 na nusu. Thamani hiyo iliongezwa na jasho la nani? Na hundi ya mauzo iliandikwa kwa jina la klabu. Mwenye kusema mchezaji hana haki hata ya kuuliza, na alitazame jambo hili.

Lakini upande wa pili nao una neno zito, wala hatulidharau. Wasema: akicheza vibaya, atakubali kupunguzwa? La, hatakubali, na ni haki yake, maana mkataba ndio ukuta wake. Anaweza kuvunjika mguu Jumamosi, na Jumatatu mshahara ukaendelea. Basi ukuta ule ule unaomlinda akianguka ndio unaomzuia kidogo anapopanda. Tukisema mkataba ufunguliwe kila mara mwenye kazi anapopata nguvu, tusishangae tajiri akija kuufungua siku biashara yake inapolegea. Na sisi tu wengi, siku za kulegea twazijua.

Kwa hiyo sisi twasema hivi: kuomba ni haki, na kupewa ni shauri la mapatano, kila upande ukitoa kitu. Kinachotuudhi ni mtu kukataa kazi peke yake. Mwaka 1998 Pierre van Hooijdonk wa Nottingham Forest alikataa kurudi kuchezea klabu yake. Hakudai mshahara; alikasirika kwamba mshambuliaji mwenzake ameuzwa na yeye mwenyewe amezuiwa kuondoka. Huenda alikuwa na sababu. Lakini wenzake ndio walioachwa uwanjani bila yeye. Aliporudi akafunga bao, wachezaji wengine hawakumkimbilia kumpongeza. Klabu ilishuka daraja 1999. Mgomo wa mtu mmoja humpiga mwenzake kabla haujamfikia tajiri.

Na tusisahau wachezaji wa hapa nyumbani. Wengi wao hawajafika kwenye swali la nyongeza. Swali lao ni mshahara wa miezi iliyopita. Wapo waliocheza msimu mzima kwa ahadi. Wajue kwamba tangu 2018 kanuni za FIFA zasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza kuiandikia klabu, kuipa siku 15 ilipe, na isipolipa ana sababu ya haki ya kuuvunja mkataba. Kanuni hiyo ilipiganiwa na vyama vya wachezaji.

Sasa mafundi wetu. Ndugu, hatuwaonei kijicho. Viwanda vingine vinawataka ninyi, havimtaki mpakiaji mizigo, na hiyo ndiyo nguvu yenu kama miguu ya Haynes. Lakini mapatano yetu yameandikishwa mahakamani, na kwa sheria ya 2007 yamemfunga tajiri na kila mmoja wetu. Mkienda ofisini peke yenu mwaweza kupewa kitu, na twajua jinsi kitakavyotolewa: barua ya mtu mmoja mmoja, kwa siri, wa kwanza zaidi, wa tatu kidogo, wa sita hapewi kabisa. Mwaka ujao tutakapokaa mezani kwa ajili ya wote, tajiri atatuambia mafundi wamekwisha kuridhika.

Hata hivyo mna hoja, na chama kingekosea kuwaambia mngoje tu. Mitambo mipya iliyoletwa haikuwako siku tulipotia sahihi. Kazi iliyoandikwa katika mapatano siyo mnayoifanya leo. Hilo si kuvunja mkataba. Ni kudai kwamba karatasi ifanane na kazi, na njia yake ni kupandishwa daraja kwa mkono wa chama. Zaidi ya hayo, wachezaji wengi siku hizi huandikiwa tangu mwanzo kwamba wakicheza mechi kadhaa, au timu ikipanda daraja, mshahara nao upande. Mapatano yetu yajayo yawe na kifungu cha namna hiyo: kazi ikibadilika, au bei za unga na mafuta zikipanda kupita kiasi tutakachokubaliana, pande mbili zikutane kabla ya muda kwisha.

Kamati itakaa Alhamisi baada ya zamu ya mchana. Mafundi twawaomba mlete wajumbe wawili, pamoja na orodha ya mitambo mliyokabidhiwa tangu mapatano yatiwe sahihi, na mafunzo mliyopewa kwa kila mmoja. Katibu atawaandikia. Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Mwenye swali na aulize.