Wanafunzi Wenye Mvi



Tumeombwa tuseme machache juu ya kundi letu la bhajan, na tumeona heri tuseme kwa Kiswahili. Wageni wetu hawajui Kigujarati, na wajukuu wetu, tukisema kweli, wanakijua nusu. Kwa Kiswahili hakuna atakayeachwa nje ya mazungumzo haya.

Sisi tuliosimama mbele yenu ni wanaume sita, na sote tumekwisha kupita miaka sitini. Mnatujua kwa maduka yetu ya vipuri, vitambaa na vifaa vya ujenzi. Kwa miaka mingi mchango wetu hapa hekaluni ulitoka mfukoni. Vilipotakiwa vipaza sauti, tulinunua. Paa lilipovuja, tulileta mabati. Kuimba, hatukuimba. Tuliketi nyuma, tukapiga makofi mawili matatu, tukatazama saa. Na huu ni mji wa Tanga, mji uliozaa Black Star na Lucky Star!

Kazi ya kuimba tuliwaachia kina mama na mzee wetu mmoja, ambaye kila mtu alimwita Kaka. Wageni watuwie radhi: katika Kigujarati kaka ni ndugu wa kiume wa baba, na mjomba ndiye huitwa mama. Basi msishangae mkimwona mtoto wetu akimwamkia mwanamume mwenye ndevu kwa jina la mama. Kaka aliongoza nyimbo humu ukumbini tangu sisi tukiwa vijana, na hatukuwahi kufikiri kwamba ipo siku harmonium yake itafunikwa kitambaa.

Kaka alipofariki dunia, tulikusanyika hapa kwa usiku wa maombolezo. Kina mama wengi walikuwa nyumbani pamoja na mjane. Ilipofika saa ya kuimba wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote, tulitazamana. Hakuna aliyejua hata pa kuanzia. Mmoja wetu akatoa simu, akautafuta wimbo huo katika intaneti, akaiweka simu mbele ya kipaza sauti kile kile tulichokinunua sisi. Katikati ya ubeti wa pili wimbo ukakatika, likaingia tangazo la sabuni. Tumeonja fedheha nyingi katika biashara, za hundi zilizorudishwa na benki na mizigo iliyooza njiani, lakini ile ya usiku ule ilikuwa ya namna nyingine.

Wiki iliyofuata tulimwendea binti mmoja wa jumuiya yetu aliyesomea muziki. Tulizoea kumwita dikri, yaani mwanangu wa kike. Siku ya kwanza ya somo tulianza kumwita Ben, dada, kwa heshima ya ualimu wake, naye akalipokea jina hilo bila kutabasamu, tukajua hana mchezo.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuifunga harmonium. Tulinung'unika, kwa maana tulidhani kuimba ni kufuata kinanda. Akatueleza kwamba chombo hicho kilitoka Ulaya katika karne ya 19, na kwamba redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku tangu mwaka 1940 hadi 1971. Sauti zake zimekatwa kama ngazi za nyumba, ilhali sauti ya mwimbaji wa Kihindi huteleza kutoka daraja moja hadi jingine. Mtu akianza kujifunza kwa kukiegemea, alisema, hujifunza kuegemea tu.

Basi tukaanza na Sa peke yake, sauti ya kwanza kati ya zile saba. Kila mtu ana Sa yake, mahali ambapo koo lake hutulia bila kusukumwa. Wiki tatu tuliimba Sa. Mwenzetu wa vifaa vya ujenzi aliimba Sa ya jirani yake kwa siku kumi nzima kabla ya kuipata yake. Wengine tulikwisha kujihukumu kwamba masikio yetu ni mabovu tangu kuzaliwa. Ben alikataa. Watu wasioweza kabisa kutofautisha sauti ni wachache mno, alisema; wengi husikia sawasawa, ila koo halijazoea kutii sikio. Aliturekodi, akatusikilizisha, nasi tukakana kwamba sauti zile ni zetu. Kumbe mtu hujisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake, na wengine hawaisikii sehemu hiyo.

Kuhusu pumzi tutasema kwa ufupi: tulilazwa chali juu ya mikeka, kila mtu na daftari la hesabu juu ya tumbo, na daftari lilipaswa kupanda na kushuka. Yalikuwa madaftari ya madeni, mazito.

Mapigo ndiyo yaliyotuaibisha zaidi. Keherwa ina mapigo manane, dadra ina sita. Sisi tumehesabu maisha yetu yote, tukajua hapo tutashinda. Lakini mfanyabiashara huhesabu ili amalize. Kila wimbo tuliuanza polepole na kuumaliza mbio, kama watu wanaofunga duka.

Tulipofikia wimbo wa Kaka, tuligundua kwamba mahadhi yaliyomo katika intaneti siyo yake. Ben hakuwahi kuyashika, nasi tuliyasikia miaka yote bila kuyasikiliza. Tulikuwa tukibishana siku hiyo, kila mtu na lake, mara mtunza usafi wetu akasimama mlangoni na ufagio mkononi. Ni mzee wa Pangani, amefanya kazi hapa zaidi ya miaka 30.

"Tajiri, siyo hivyo," alisema. "Pale Kaka alikuwa anapandisha, halafu anaishusha kama anayeshuka ngazi gizani."

Akavumisha wimbo wote, mdomo umefungwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno hakuyajua, lakini mahadhi hakukosea hata mahali pamoja. Tulipomwuliza ameyapata wapi, alishangaa swali lenyewe. Kijana wa taarabu alikuwa yeye, mpenzi wa Juma Bhalo wa Mombasa, aliyeimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Kila jioni Kaka alipoimba ndani, yeye alifagia ua karibu na dirisha.

Tangu utotoni tumefundishwa kisa cha Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh wa karne ya 15, ambaye husimuliwa kwamba alikwenda kuimba katika mtaa wa watu waliodharauliwa, na watu wa tabaka lake wakamsusia. Kisa tulikijua kwa moyo. Hata hivyo ilituchukua zaidi ya miaka 30 kumwuliza mtu anayefagia ua wetu kama anajua kuimba.

Siku hizi Jumanne jioni huketi pamoja nasi na kupiga matoazi. Bado anatuita tajiri. Sisi tunamwita Mwalimu, naye anasema tunamkejeli.

Sasa tunawaomba mafundi wazime vipaza sauti. Wimbo tutakaouimba ni ule uliotushinda usiku wa maombolezo. Ubeti wa tatu una mahali pa juu ambapo wawili wetu hawafiki. Wamekubali kunyamaza hapo. Ba, mjane wa Kaka, ameketi mstari wa mbele, na amekwisha kutuagiza jambo moja tu: tusikimbie.