Tuzo ya Mshambuliaji Isiishie Kwenye Mabao

Kiatu cha dhahabu peke yake hakitoshi kumpima mshambuliaji wa Ligi Kuu ya Tanzania. Anayeichezea Namungo pale Ruangwa, mkoani Lindi, halishwi mipira kama wa Simba au Yanga. Bao lake moja laweza kuwa pointi zote za timu. Mtasema George Mpole wa Geita Gold alifunga 17 msimu wa 2021/22, akampita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Kweli, na heko kwake, ila tuzo ya mchezaji bora ilikwenda Yanga, kwa Yannick Bangala. Katika mpira wa Kimarekani, tangu 1972 wapigakura humteua mshambuliaji bora kando ya mchezaji bora wa ligi: msimu wa 2021 Cooper Kupp, mdaka pasi, alitambuliwa, ingawa Aaron Rodgers ndiye aliyekuwa mchezaji bora. Nasi tuwe na tuzo inayopima pasi za mabao na sehemu ya mabao ya timu aliyobeba mchezaji.