Mshipa Usiouma: Karatasi ya Skeni ya Kwanza Isitupwe

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wazee na familia zao, yaliyofupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa ambao hautajwi sana barazani. Mimi si daktari, kazi yangu ni kupasha habari. Daktari yupo, ameketi hapa kulia kwangu, na amekwisha kunisahihisha mara tatu kabla hatujaingia ukumbini.

Damu ikitoka moyoni hupita kwenye mshipa mkuu uitwao aota. Mshipa huu hushuka kifuani hadi tumboni, mbele ya uti wa mgongo, na karibu na kitovu hugawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Kwa mtu mzima, sehemu ya tumboni huwa na upana wa kama sentimita 2. Kwa baadhi ya watu ukuta wake huchoka na kutanuka. Mmeona tyubu ya baiskeli iliyochoka mahali pamoja: ukijaza upepo, pale pale hutokeza puto. Upana ukifika sentimita 3, madaktari huita hali hiyo aneurisimu. Kadiri puto linavyopanuka, ndivyo ukuta unavyobeba mzigo mkubwa zaidi, na siku moja unaweza kupasuka. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali.

Kabla ya siku hiyo, kwa kawaida hauumi. Mtu analima, anakula, anacheza na wajukuu. Walio hatarini zaidi ni wanaume waliopita miaka 65, hasa waliovuta sigara, watu wenye presha, na yeyote ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliwahi kuwa nao. Wanawake hupata pia, ingawa si wengi kama wanaume.

Wangu ni mjomba. Ni dereva mstaafu, na alivuta sigara tangu ujana wake. Alienda kupigwa picha kwa sababu ya tezi dume, na mtaalamu wa picha akaona kitu kingine kabisa. Akaambiwa, “Mzee, mshipa wako umetanuka, urudi baada ya mwaka mmoja.” Mjomba hakurudi, kwani hakuna kilichokuwa kikimuuma. Ulipita karibu mwaka wa tatu kabla binti yake hajamsukuma kwenda tena, safari hii mahali pengine. Wakapima, wakapata sentimita 4.9. Daktari akauliza, “Mara ya kwanza ilikuwa ngapi?” Mjomba akajibu, “Ilikuwa nne na kitu.”

Hiyo “nne na kitu” ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Kama ilikuwa 4.7, basi puto lilikuwa likitambaa polepole. Kama ilikuwa 4.1, lilikuwa limeongezeka milimita 8. Ni hali mbili tofauti, na karatasi ya kuzitenganisha ilikuwa imepotea. Tulipekua kabati, godoro na mfuko wa risiti za mbolea, tusiipate.

Mtu akiambiwa ana puto tumboni, jambo la kwanza kuuliza ni kwa nini lisitolewe leo leo. Jibu lilitafutwa Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 1,090 wa miaka 60 hadi 76, wenye aneurisimu ya sentimita 4 hadi 5.5, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Jingine lilipimwa mara kwa mara kwa altrasaundi, na mtu akapelekwa kwa upasuaji puto likizidi 5.5, likikua haraka au likianza kuuma. Waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya wenzao. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002 ulipata jibu lilo hilo. Upasuaji huu ni mkubwa na una hatari zake, kwa hiyo puto likiwa dogo, kusubiri si uzembe wa daktari. Lakini ni kusubiri kwa kupimwa. Ukiacha kupimwa, unacheza bahati nasibu.

Zamani nafasi hiyo haikuwepo. Albert Einstein, yule mwanasayansi, alipasuliwa tumbo New York mwaka 1948, na daktari Rudolf Nissen akauzungushia mshipa wake karatasi ya selofani ili kuutia nguvu. Mwezi wa Aprili 1955 ukapasuka. Akakataa upasuaji mwingine, akafariki akiwa na miaka 76. Siku hizo hakukuwa na altrasaundi ya kufuatilia mshipa kama huo mwaka hadi mwaka.

Leo ipo. Unalala chali, unapakwa mafuta ya baridi tumboni, na kifaa kinapitishwa juu ya ngozi. Hakuna sindano, na haitumii mionzi kama eksirei. Huenda ukaambiwa usile kabla ya kwenda, kwa sababu gesi ya tumboni huziba picha. Skeni ya CT huonyesha zaidi, ila ina mionzi na gharama yake ni kubwa. Mara nyingi huachiwa wakati wa kupanga upasuaji.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonishangaza nilipokuwa nikiandaa maneno haya. Aneurisimu ndogo hukua kwa wastani wa milimita 2 au 3 kwa mwaka. Lakini wapimaji wawili wakimpima mtu mmoja siku moja, wanaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Mmoja hupima kutoka ukingo wa ndani wa ukuta hadi ukingo wa ndani wa pili, mwingine hupima nje hadi nje na kupata namba kubwa zaidi. Ukibadilisha hospitali, puto linaweza kuonekana limekua mwaka mzima ilhali halijasogea. Au likawa limekua kweli na namba ikaficha. Kwa hiyo ukiweza, rudi pale pale ulipopimwa kwanza. Ukilazimika kuhama, beba ripoti yenyewe pamoja na picha. Usibebe namba kichwani.

Je, urudi lini? Utaratibu wa Uingereza ni huu: kuanzia 3 hadi 4.4, kila mwaka. Kuanzia 4.5 hadi 5.4, kila miezi mitatu. Ikifika 5.5, unapelekwa kwa daktari mpasuaji wa mishipa. Kwa wanawake madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji kwenye 5, kwa kuwa kwao hupasuka likiwa dogo zaidi. Daktari wako ndiye atakayekupangia tarehe, na tarehe hiyo ifuate hata kama unajisikia mzima.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kulinywesha puto hili, iwe ya duka au ya mitishamba. Mtakaouziwa, mwulizeni muuzaji amelipima kwa nini. Lenye faida ni kuacha sigara, kwa sababu sigara hulifanya likue haraka, na kumeza dawa za presha bila kuruka siku.

Na mtu mwenye hali hii akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, akatoka jasho baridi au akazirai, msimpe dawa ya vidonda vya tumbo mkangoja kupambazuke. Mpelekeni hospitali kubwa usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba ana aneurisimu, kwa sababu maumivu haya hufanana na ya mawe ya figo.

Walio na SHA waulize dirishani kabla ya siku ya skeni ni kiasi gani kitalipwa, wasije wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa. Vijana, pigeni picha ya ripoti ya mzee kwa simu, mtumie ndugu wawili, kisha karatasi yenyewe iwekwe pamoja na hati ya shamba.

Mjomba sasa hupimwa kila miezi mitatu, mahali pamoja. Mara ya mwisho ilikuwa 5.1. Ripoti zote ziko kwenye bahasha kwangu, na sigara ameacha, au ndivyo anavyotuambia. Maswali ya kitabibu namwachia daktari. Karibu, daktari.