Samaki wa Ziwa Edward: tulinde ukingo kabla nyavu hazijarudi tupu



Sisi tunaosema hapa, wengi wetu tulimaliza chuo kikuu na hatuna kazi. Leo tunasema juu ya tilapia, samaki tunayekula na bugali.

Kwenye orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini, tilapia haiko kati ya wale wanaokaribia kwisha. Ameenea toka mto Nile mpaka mabwawa ya China. Lakini orodha hiyo haijazi sahani ya mtoto wa Beni. Samaki anaweza kuwa mwingi duniani na akaisha kwetu.

Ziwa Edward ni kubwa, zaidi ya kilometa mraba 2,000, na sehemu kubwa iko Kongo. Lakini tilapia hazai kila mahali. Dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, karibu na ukingo. Jike anabeba mayai ndani ya kinywa. Ukimvua wakati huo, umemaliza mama na watoto mara moja. Na ni hapo hapo nyavu za macho madogo zinakokotwa.

Kuna na viboko. Miaka ya 1970 mbuga ya Virunga ilikuwa na zaidi ya 20,000. Bunduki ziliwamaliza karibu wote. Mavi yao njo ilikuwa mbolea ya ziwa.

Tunajua mvuvi atasema: «Nikiacha mimi, mwingine atavua.» Ni kweli. Kijana bila kazi, anayelipishwa na watu wenye silaha, hatangoja samaki akue. Basi kumfunga mvuvi peke yake haiko dawa.

Tunaomba hivi: serkali iondoe wote wanaolipisha wavuvi kwa bunduki. ICCN na kamati za wavuvi, toka Kyavinyonge mpaka Vitshumbi, waweke alama kwenye mazalio, kila mtu azione. Vijana wenye masomo wapewe kazi ya kuhesabu samaki na kulinda ukingo. Na sisi wenyewe, sokoni, tukatae samaki wachanga.

Pale Ishango, watu walivua miaka kama 20,000 iliyopita, kwa mikuki ya mifupa, na samaki wakabaki. Isisemwe kesho kwamba ni sisi, wa nyavu za nailoni, njo tuliwamaliza.